Rangi za Madirisha ya Mapokezi

Jumatatu, 3 Machi

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na nitaanza nalo kwa sababu daftari hili ni jipya na halinijui. Kila mtu ninayemfahamu nimempangia kiasi cha kuambiwa. Jirani yangu wa dawati anaweza kujua ninachosoma, lakini si ninachokiogopa. Mjomba anaweza kujua karibu yote. Mkutubi wa shule anaweza kujua yote kabisa, ila sijamwambia bado kwa kuwa sijui pa kuanzia. Na mama, anayenipenda kuliko wote, simwambii chochote ambacho nisingependa kukisikia dukani kesho yake.

Mama si mbaya. Mama anaongea. Anakaa mapokezi ya kituo cha afya tangu sijajua kusoma, na mtu akimaliza kuandikishwa anaondoka akijua bei ya sukari, hali ya barabara na jinsi nilivyokataa kunyolewa nilipokuwa mdogo.

Mvua imeanza leo.

Jumatano, 5 Machi

Mjomba amepata kazi. Ni mdogo wake mama, fundi wa kompyuta, na kituo cha afya kimempa kazi ya kuweka mfumo mpya kwenye mashine zao. Ni kazi yake ya kwanza kubwa. Amekuja nyumbani na nywele zimelowa, akanywa chai ya watu wawili, akanieleza.

"Sikiliza, Bi Kimya. Kila kitu unachokiona kwenye skrini, mfumo huu unakihesabu kama mtu. Dirisha ni mtu. Alama ya faili ni mtu. Na kila mtu lazima avae sare. Sare ndiyo lebo. Kijani, kila mtu anaruhusiwa kukiona. Njano, wafanyakazi tu. Nyekundu, mambo ya mgonjwa, hayo ni siri."

"Na mtu akitaka kunakili maneno kutoka dirisha moja kwenda lingine?"

"Maneno yanaruhusiwa kupanda, hayaruhusiwi kushuka. Kutoka kijani kwenda nyekundu, karibu. Kutoka nyekundu kwenda kijani, mfumo unakataa hata ukiupigia magoti."

Nikafikiri kidogo. "Na pipa la taka? Ukitupa faili jekundu ndani ya pipa la kijani?"

Mjomba akaweka kikombe chini. "Dada! Huyu mtoto ulimtoa wapi?"

"Nilimzaa siku ya mvua kama hii," mama akajibu kutoka jikoni. "Ndiyo maana hakauki maswali. Ila ni kwako tu. Kwangu mimi hata salamu ananikopesha."

Jumamosi, 8 Machi

Leo mjomba amenichukua nimsaidie baada ya kituo kufungwa. Kazi yangu ilikuwa kupita kwenye skrini ya mama na kutaja kila kitu kinachoonekana, hata kiwe kidogo vipi, naye anakipa lebo. Dirisha la foleni, kijani. Dirisha la zamu za wauguzi, njano. Faili za wagonjwa, nyekundu zote, na kila dirisha likazungukwa na fremu ya rangi yake. Pipa la taka tulilijadili muda mrefu.

Mapokezi kuna kaunta ndefu yenye kioo, na tundu la kuongelea. Mama anakaa nyuma yake kwenye kiti chenye mto alioshona mwenyewe. Juu ya kichwa chake, ukutani, wametundika runinga mpya inayotazama benchi za wagonjwa. Runinga hiyo inaonyesha yaliyo kwenye skrini ya mama, lakini vitu vya kijani tu, ili watu waone namba za foleni. Mama ameipa mgongo.

Mjomba alifungua faili jekundu la majaribio akanituma nikakae benchi.

"Unaona nini?"

"Kiraka cheusi."

"Safi kabisa! Kama kimefunikwa blanketi."

Mwishoni tukafika kwenye ukanda wa chini ya skrini, ule wenye saa na alama ndogo za madirisha yaliyofunguliwa. Mjomba akaupa kijani. "Saa ni siri ya nani?" akasema, tukacheka, tukafunga.

Nikiwa mkubwa nataka kuwa kama mjomba. Hasemi neno asilolipima.

Jumanne, 11 Machi

Mama analalamika. Ametaka kunakili namba ya simu ya mgonjwa kutoka faili jekundu kwenda kwenye dirisha la foleni, mfumo umemkatalia. "Nimeukazia macho, nao umenikazia! Umekuwa kama mama mkwe." Ameyasema haya kwa mlinzi, kwa muuza vocha na kwa jirani, na kwangu tena wakati wa chakula.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Jaribio la hesabu.

Jumatatu, 17 Machi

Mama alisema alama za madirisha mekundu zinafanana zote kule chini, hajui abofye ipi. Mjomba amepita kituoni akamwashia vipicha: ukipitisha mshale juu ya alama, picha ndogo ya dirisha inachomoza, unaona ni faili la nani kabla hujalifungua. Mama amefurahi. Mkate wa jioni ulikuwa umelowa.

Alhamisi, 20 Machi

Leo mkutubi ameniruhusu kubaki maktaba hadi mvua ipungue. Alikuwa anagundisha kitabu kilichopasuka mgongo, akikandamiza kwa tofali lililofungwa gazeti. Anaongea chini chini hata kama hakuna mtu wa kusumbuliwa. Aliniuliza mwisho wa kitabu nilichorudisha ulinifanya nini. Si kama ulinifurahisha. Ulinifanya nini. Hakuna mtu mwingine anayeuliza hivyo.

Nyumbani mama akauliza, kama anavyouliza kila wiki, "Mkutubi wenu hajambo? Yuko mzima?"

"Hajambo."

"Hajachoka sana?"

Nikasema sijui. Nadhani anatafuta habari za kupeleka kazini.

Jumanne, 25 Machi

Paa la darasa linavuja juu ya dawati langu. Nimehamishwa mbele. Balaa.

Jumatatu, 31 Machi

Jirani yangu wa dawati ameninong'oneza kabla mwalimu hajaingia. "Umesikia? Mkutubi anaanguka."

"Ameanguka wapi?"

"We naye! Anaanguka. Kifafa. Anakwenda kliniki kila mwezi, wamejua mtaa mzima." Kisha akaniangalia vizuri. "Na usijifanye hujui. Imetoka kule mapokezi kwa mama yako."

Nilifungua kitabu nikatazama ukurasa mmoja mpaka kengele ikalia. Sikumbuki ulikuwa wa somo gani.

Jumatano, 2 Aprili

Wavulana wawili wa darasa letu walijiangusha kwenye kibaraza cha maktaba, wakitupa miguu, wenzao wakicheka. Mkutubi alikuwa ndani. Mlango ulikuwa wazi. Alitoka akasimama akawatazama, hakufoka, akawaambia sakafu imelowa, watachafua mashati.

Mchana tukaambiwa maktaba imefungwa na mkutubi anapumzika nyumbani. Wazazi kadhaa wamekwenda kwa mwalimu mkuu. Hawataki watoto wao wawe naye chumba kimoja.

Sikusema kitu kwa wale wavulana. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, na kitabu chake mkononi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mkutubi alikwenda kituo cha afya kulalamika. Alimwambia daktari mkuu kwamba ugonjwa wake anaujua yeye, muuguzi wa kliniki na mtu wa mapokezi. Yule muuguzi yuko likizo tangu mwezi uliopita. Amebaki mama.

Mama alirudi mapema akakaa kwenye kochi na mkoba ukiwa bado begani. Mjomba alikuwa amekuja. Alisimama dirishani.

"Daktari amesema Ijumaa ijayo watakaa kikao," mama alisema. "Wakiona ni mimi, naondoka. Kwa sasa niendelee, kwa sababu hakuna mwingine anayejua hizo rangi."

"Dada, labda ulimwambia mtu bila kukusudia. Unajua wewe ukianza..."

"Nikianza nini?"

"Mfumo hauwezi kutoa siri, dada. Ndiyo kazi yake. Kwa hiyo kama haikutoka kwenye mashine..." Mjomba hakumaliza.

Mama akanigeukia. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeamshwa ghafla.

"Na wewe? Wewe unaamini nimesema?"

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka pia kusema ukweli, na sikuweza kusema vyote viwili. Nikatazama miguu ya meza. Nikasikia mvua, nikasikia mjomba akikohoa. Mama alisubiri muda mrefu kuliko anavyosubiri jibu la mtu yeyote. Kisha akainuka, akaning'iniza mkoba, akaingia jikoni. Akakata vitunguu, akapika, akapakua, na hakusema neno hata moja.

Ijumaa, 4 Aprili

Mama haongei.

Jumamosi, 5 Aprili

Haongei. Amempita muuza vocha kwa kuinamisha kichwa tu. Yule mtu akaniuliza nani amefariki.

Siku zote nilidhani nataka nyumba yenye utulivu. Leo nimesikia saa ya ukutani na sikujua kwamba ina sauti mbaya hivyo.

Jumapili, 6 Aprili

Tulikuwa tunaanika nguo ndani kwa sababu ya mvua. Nilimshikia mama shuka upande mmoja, yeye upande mwingine, na labda kwa kuwa shuka ilimficha uso nikapata ujasiri.

"Mama. Ulijua lini habari za mkutubi?"

"Aliandikishwa hujaanza shule. Mimi ndiye niliyemwandika."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote hiyo."

"Mimi ninakuja hapa namtaja kila siku. Mkutubi kasema hivi, mkutubi kanipa kile."

"Nakusikia."

"Hukusema."

"Ningesemaje? Ni yake, si yangu." Akavuta shuka, ikanyooka. "Nilikuwa naogopa tu siku moja ataanguka huko shuleni na nyinyi watoto mtamkimbia mkimwacha sakafuni. Ndiyo maana nilikuwa nakuuliza kama yuko mzima. Ningekuuliza nini kingine?"

Nilibaki nimeshika pembe zangu za shuka. Kila wiki, kwenye meza ile ile, katikati ya bei ya sukari na habari za barabara, mama alikuwa ananiuliza swali moja ambalo halikuwa umbea hata kidogo, na mimi nililiweka kapu moja na mengine. Nikapiga hesabu ya vitu ambavyo mama anavijua. Nani ana nini, nani alimleta nani, nani analia akiwa kwenye foleni. Watu wote wa mtaa huu wamepita mbele ya kioo chake. Na katika maneno yake yote, mengi kama mvua hii, sijawahi kusikia hata moja la kutoka kule.

Na langu pia. Mwaka jana alinipeleka mimi mwenyewe kwenye chumba cha ushauri pale kituoni, baada ya kuzirai nilipoambiwa nisome insha mbele ya darasa. Nilisubiri nisikie dukani. Sikusikia. Nilidhani amesahau.

"Mama, naamini hukusema," nikamwambia.

"Umechelewa," akasema. Lakini akanirushia shuka kichwani, na huo ndio utani wa kwanza tangu Alhamisi.

Jumatatu, 7 Aprili

Kama si mdomo wa mama, basi ni kitu kingine, na mimi ndiye niliyetaja kila kitu kilichopo kwenye skrini ile. Baada ya masomo nikaenda kituoni. Mvua ilikuwa kubwa, watu wamejaa. Nikakaa benchi, mahali pale pale mjomba aliponituma mara ile. Nikatambua kwamba tangu siku hiyo huenda hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyekaa hapa. Wao huingia kwa mlango wa nyuma.

Pembeni yangu alikuwa mama mmoja mwenye mwavuli mkubwa, aina ya mtu anayesoma kwa sauti kila maandishi anayoyaona. "Namba kumi na tisa... Tafadhali zima simu... Nawa mikono kwa sabuni..." Alikuwa akiwasaidia wasiosoma, nadhani, au anajisaidia mwenyewe kupitisha muda.

Mama alikuwa anazungumza na mzee mmoja tunduni, hajaanza tena kupiga soga, anauliza tu umri. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye kipanya. Ana tabia hiyo: akisubiri jibu, mkono hautulii, anausogeza huku na huku kama anafuta vumbi.

Na kule juu, kwenye runinga, mshale ukapita juu ya ukanda wa chini. Kikachomoza kipicha. Kwenye skrini ya mama ni kidogo kama stempu. Kwenye runinga ile kilikuwa kikubwa kama daftari. Kilikuwa na jina la mtu, lote, na chini yake jina la kliniki.

"Kliniki ya..." mama mwenye mwavuli akaanza.

"Usisome!" nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi. Watu wakageuka.

"Ebo! Mtoto huyu! Kwani nimeandika mimi?" Akanielekezea ncha ya mwavuli. "Kila siku vinatokea hivyo. Tunasoma sote. Si mmetuwekea tusome?"

Nikaenda kaunta, nikainama kwenye tundu, nikamwambia mama azime runinga. Hakuuliza. Alinitazama usoni, akazima, akawatangazia watu kwamba imepata hitilafu na namba ataziita kwa mdomo. Kisha akaziita, kwa sauti yake ya zamani.

Jumanne, 8 Aprili

Nimekwenda kwa mjomba. Nilimweleza akiwa ameshika bisibisi.

"Haiwezekani, mpwa. Nimeweka lebo madirisha yote. Wewe mwenyewe ulikuwepo."

"Dirisha lina lebo. Kipicha hakina."

"Kipicha ni cha dirisha!"

"Nani anakichora?"

Akakaa juu ya boksi. Niliona jibu likimfikia polepole. Dirisha jekundu halichori kipicha chake. Ukanda ndio unaokichora, na kila kinachochorwa na ukanda kinavaa sare ya ukanda. Nao ukanda ni kijani, kwa sababu saa si siri ya mtu. Mfumo haukukosea kitu. Siku tuliyoupa ukanda rangi, vipicha havikuwepo. Siku alipoviwasha, alikuwa anamfurahisha dada yake, na hakuna aliyerudi kukaa benchi.

"Vituo viwili vingine vimeniita," mjomba akasema. "Wiki hii hii. Unajua nikisema hili Ijumaa watanifanya nini?"

"Usiposema watamfukuza mama."

"Najua watamfukuza nani!" Alifoka, na hajawahi kunifokea. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nenda nyumbani, mvua inakuja."

Nilitembea nikiwa na hasira naye, na jambo la ajabu ni kwamba sikuacha kumpenda. Anaogopa. Mimi naijua sura ya mtu anayeogopa.

Mama amemwambia daktari mkuu habari za runinga. Daktari amesema runinga iliyozimwa haithibitishi kitu.

Jumatano, 9 Aprili

Mjomba hapatikani kwa simu.

Alhamisi, 10 Aprili

Hapatikani. Mama amepiga pasi sare yake mara mbili. Nimemwomba aniruhusu nije kikaoni. "Uje ufanye nini, mwanangu? Wewe na watu?" Nikamwambia jambo moja tu nililolifikiria, akaweka pasi pembeni. "Una hakika?" akauliza. Nikasema nina hakika. Sina.

Ijumaa, 11 Aprili

Nitaandika taratibu, yote.

Kikao kiliwekwa asubuhi kabla ya kufungua. Tulipofika mvua ilikuwa nyepesi. Mjomba alikuwa amekaa benchi la kwanza, ameloa mpaka soksi. Inaelekea alifika kabla hata ya mlinzi kufungua geti. Alimtazama mama. "Dada," akasema. Mama akampa khanga yake ajifute. Mambo kati yao yakaishia hapo.

Mkutubi alikuja akakaa benchi la mwisho, peke yake, mikono juu ya mkoba. Aliponiona alitikisa kichwa kidogo kunisalimu, kama tuko maktaba. Sikujua niweke wapi macho.

Daktari mkuu ni mtu mrefu anayependa mambo yaishe. Alitaka tuingie ofisini kwake. Mama akanisukuma kidogo mgongoni.

Sauti haikuja. Ilikuwa kama siku ile ya insha. Nilichoweza kusema ni sentensi moja. "Naomba mkae kwenye benchi."

"Wapi?"

"Hapo. Mahali wanapokaa wagonjwa."

Daktari alimtazama mjomba. Mjomba akasogea kumpisha. "Kaa, daktari. Ni kosa langu, lakini ukikaa utaliona mwenyewe, mimi nitakueleza baadaye." Daktari akakaa. Magoti yake yalifika juu, benchi zile ni fupi.

Mama alikwenda nyuma ya kioo, akawasha runinga. Sasa ilibidi kufungua faili jekundu, na hapo ndipo lilipo lile jambo nililomwambia jana. Faili la nani? La mgonjwa yeyote, tungekuwa tunatoa siri ya mtu ili kuonyesha jinsi siri inavyotoka. Faili la majaribio, daktari angesema tumeliandaa kwa ajili yake. Kwa hiyo mama alifungua langu.

Kwenye runinga kikatokea kiraka cheusi.

"Sioni kitu," daktari akasema.

"Mama, fanya kama kawaida," nikasema.

Mlango ukafunguka, na mama mwenye mwavuli akaingia, mlinzi akimfuata nyuma akimwambia bado. "Nasubiri ndani, mvua haina bado," akasema, akakaa. Na mama, akisikia mtu amekuja, bila hata kufikiri akamuuliza kupitia tunduni, "Za kwako, mama? Barabara inapitika?" Mkono wake ukaanza kufuta vumbi lake. Kipicha kikachomoza, kikubwa, juu ya kichwa chake. Jina langu lote. Chini yake mstari mmoja.

Mama mwenye mwavuli akasoma, kwa sauti, kama kawaida yake. "Ushauri nasaha. Hofu ya kuzungumza mbele za watu." Akapepesa macho. "Maskini. Nani huyo?"

Nikasema, "Ni mimi."

Daktari aliinuka akasogea karibu na ukuta, akakisoma mwenyewe. Akazunguka kaunta akatazama skrini ya mama, akaona kijipicha kama stempu. Akarudi benchi, akakaa tena. Kisha akamuuliza yule mama, kwa upole, ameona vingapi vya namna hiyo, naye akajibu, "Vingi, daktari. Nilijua ndiyo utaratibu mpya." Mjomba akaeleza, akisimama, maji yakidondoka kwenye suruali. Hakupunguza neno. Alisema dada yake aliomba msaada na yeye alimpa msaada bila kukagua.

Daktari alimwomba mama radhi mbele yetu wote. Kwa mjomba alisema kazi hiyo ataimaliza bila malipo mengine, na itakaguliwa kutoka benchi. Kisha akamgeukia mkutubi, akaanza kusema pole, na mkutubi akainua mkono.

"Mmejua ilitokea wapi. Sawa," akasema, chini chini. "Lakini haitarudi ndani, daktari. Watu wameshasoma."

Akainuka akaja kaunta, akasema na mama kupitia tundu. Sikusikia alichosema. Nilisikia mama akijibu, "Mimi nilijua utaniona hivyo, ningekuwa wewe ningeona hivyo hivyo." Mkutubi akipita kwenda mlangoni aliniwekea mkono kichwani, akauacha kidogo.

Jumatano, 16 Aprili

Mjomba amekuja na mfumo mpya. Vipicha sasa vinavaa sare ya dirisha lake. Alinituma benchi. Nikaona kiraka kikubwa na kiraka kidogo. Kisha akaja akakaa pembeni yangu, tukatazama viraka. Kituo kimoja kati ya vile viwili kimemwacha. Kingine bado kinafikiri.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua imekwisha wiki hii, naona.

Mkutubi amerudi. Maktaba haina watu. Wapo wazazi walioandika barua za kukataza. Nimekwenda wakati wa mapumziko, nikavuta kiti karibu na meza yake, nikamwuliza akianguka nifanye nini. Aliacha gundi. Akanieleza: nisogeze vitu vigumu, nimlaze ubavu, nilegeze kola, nisimtie kitu mdomoni, nikae naye mpaka aamke, nimwambie yuko wapi. Nikamwomba ruhusa ya kuwafundisha wengine. Akafikiri, akasema ndiyo.

Kwa hiyo kipindi cha mwisho nilisimama mbele ya darasa, nikaeleza. Sauti ilitetemeka mwanzo mpaka mwisho. Jirani yangu wa dawati aliuliza swali la maana. Mmoja wa wale wavulana wa kibarazani alitazama dirishani muda wote. Sikuzirai.

Nyumbani nilimkuta mama anaongea na jirani kupitia ukuta, habari ya mabati. Nilisubiri amalize. Nikamsaidia kuchambua mchele, nikamwambia yale niliyoandika ukurasa wa kwanza wa daftari hili: kwamba kila mtu nimempangia kiasi cha kuambiwa, na yeye nilimpangia kidogo kuliko wote. Aliuliza sasa nimempangia kiasi gani. Nikamjibu kwa kuanza kumwambia, tangu siku ya insha, na tulipofika mwisho mchele ulikuwa umeshachambuliwa mara mbili.